Mshenga Aliyeiogopa Shilingi

Watu wa mtaa wetu wa Dallas, hapa Embu mjini, walinionya mapema. Waliniambia, kijana, ukitaka kuoa tafuta mshenga mwenye maneno matamu, au mwenye cheo kanisani, au basi angalau mwenye gari. Mimi nikamchagua Mwalimu wa Uchumi, ambaye hakuwa na hata kimoja kati ya hivyo vitatu.

Mtaani kwetu hakuna aliyemwita kwa jina. Hata mkewe alimwita Mwalimu, na yeye watu walimwita Mama Mwalimu, ingawa kazi yake ilikuwa kufuga kuku. Mzee alikuwa amestaafu kabla mimi sijafungua kinyozi changu, kibanda cha mabati chenye kioo kimoja kizima na kingine cha nusu. Alikuja kunyolewa siku ya kwanza kabisa, akakaa kwenye kiti, akatazama ile bei niliyoandika ukutani kwa rangi, akauliza, "Hii bei umeipataje?"

Nikamwambia nimeangalia kinyozi wa jirani.

"Na yeye aliipata wapi?"

Sikujua. Nilisoma mpaka kidato cha pili tu, na hakuna mtu aliyewahi kuniuliza bei inatoka wapi. Nilidhani inakuja yenyewe kama mvua. Mwalimu akafurahi kupita kiasi, akasema ananyolewa hapo daima, kwa sababu amepata mtu ambaye hajaharibiwa na elimu ya wengine.

Sababu ya kumchagua awe mshenga ni kwamba kwao kulikuwa Mikinduri, na Kendi, msichana niliyekuwa nampenda, ni wa huko huko. Mimi ni Mmbeere, wa kule chini Kiritiri, nyumbani kwa mbuzi, vumbi na muguka, ile miraa ya majani. Watu wa Mikinduri ni watu wa miraa, na wanaiona muguka yetu kama majani ya kufagilia kiwanja. Nilihitaji mtu wa kusema nao kwa Kimeru, mtu mzima, mwenye mvi. Mvi alikuwa nazo. Hazikuwa nyingi, lakini alikuwa nazo.

Habari ya mvi inanikumbusha siku nilipopandisha bei. Nilitoka hamsini nikaenda sabini, na nilikuwa na wasiwasi juu ya mteja mmoja tu. Akaja, akaona, akavua kofia.

"Umesukumwa au umevutwa?"

"Sijaelewa, Mwalimu."

"Kuna bei inayosukumwa na gharama kutoka nyuma, na kuna bei inayovutwa na wateja kutoka mbele. Yako ni ipi?"

Nikaeleza kwamba mwenye kibanda amepandisha kodi.

"Basi umesukumwa. Umesamehewa." Akakaa. Halafu akajipapasa kichwa mbele ya kile kioo kizima. "Lakini angalia jambo hili. Kila mwaka nywele zangu zinapungua, na kila mwaka bei yako inapanda. Pesa nyingi zaidi zinafukuza nywele chache zaidi. Huo ndio mfumuko wa bei, kijana. Mimi ninautembeza kichwani."

Wateja wengine kwenye benchi walicheka hadi mashine ikanitetemeka mkononi. Yeye hakucheka. Alikuwa anafundisha.

Mtu kama huyo utadhani alikuwa na imani moja isiyotikisika. Hapana. Alibadilisha imani za uchumi kama watu wa hapa wanavyobadilisha makanisa, na kila alipohama alihama na nyumba nzima. Mama Mwalimu alihesabu ndoa yao kwa imani hizo. "Kifungua mimba alizaliwa wakati wa bei za serikali," aliniambia siku moja akiniletea mayai. "Wa pili akazaliwa wakati wa soko huria. Huyu wa mwisho ni wa wakati wa noti nyingi, ndiyo maana hajui kuweka pesa."

Wakati wa bei za serikali ulikuwa ule wa zamani, miaka ya sabini, mafuta yalipopanda duniani na kila bidhaa ya dukani ikawa na bei iliyoamriwa Nairobi. Mwalimu, kijana mwenye suruali pana, aliamini kabisa kwamba bei ni tabia mbaya, na tabia mbaya hukomeshwa kwa amri. Akachukua kipande cha katoni, akaandika bei ya yai moja, akakibandika ukutani jikoni. Mama Mwalimu akasoma, akaenda kulisha kuku. Baada ya wiki chache, nyumbani hakukuwa na yai hata la dawa.

"Kuku wana nini?" Mwalimu akauliza.

"Wamegoma," mkewe akajibu.

Akafanya uchunguzi. Akaingia bandani, akawaangalia kuku usoni mmoja mmoja. Ilimchukua muda mrefu kugundua kwamba mayai yalikuwa yanapita chini ya ua kwenda kwa jirani, kwa bei ya kweli. Mama Mwalimu alikuwa ameanzisha magendo ndani ya ndoa. Jambo ninalompendea Mwalimu ni kwamba hakugombana. Alibandua katoni, akaketi, akamwambia mkewe amuelezee yote tangu mwanzo, na aliposikia akasema, "Kumbe ndivyo sukari inavyopotea madukani." Mwaka uliofuata alikuwa anawafundisha wanafunzi wake habari ya kuku waliogoma, bila kutaja ni wa nani.

Kisha likaja soko huria. Nchi nyingi za Afrika zilikuwa zimeishiwa, wakopeshaji wa ng'ambo wakaja na dawa yao, wakasema fungua bei, ondoa ruzuku, acha shilingi ijitafutie yenyewe. Mwalimu akasoma dawa hiyo akaipenda. Siku ya kwanza aliondoa ruzuku ya nauli ya watoto. Siku ya pili akaondoa ruzuku ya sukari kwenye uji. Watoto wakahamia kwa nyanya yao Mikinduri, ambako, Mama Mwalimu anasema, ruzuku ilikuwa bado ipo na ilikuwa na siagi juu.

"Mwalimu," nilimuuliza siku moja nikimkata nyusi, "kwa hivyo katika hao wote, nani alikuwa sahihi?"

Akafumba macho, si kwa ajili ya nyusi. "Kulikuwa na wataalamu walioamini kwamba serikali ikiongeza pesa kidogo, watu watapata kazi na bei itapanda kidogo tu, si kitu. Nchi kubwa zikaamini. Mara bei iko juu na kazi pia haipo, vyote viwili. Wakaja wengine wakasema, shida ni pesa, funga mfereji. Wakafunga. Bei zikashuka kweli, na viwanda vikafunga milango."

"Sasa nani alikuwa sahihi?"

"Kila mmoja alikuwa sahihi kuhusu makosa ya mwenzake."

Mwirigi, mwenye posho mill ya kusaga mahindi hapo kona, alikuwa kwenye benchi akisubiri zamu yake. Huyu ni mwanafunzi wake wa zamani, mtu mnene wa kucheka. Akasema, "Mwalimu, mwambie kijana habari ya vifuniko."

"Mwambie wewe. Wewe ndiye uliyeharibu uchumi."

Basi Mwirigi akanisimulia. Katika shule moja ya bweni upande wa Meru, Mwalimu alitaka kufundisha pesa ni nini. Akakusanya vifuniko vya soda ya machungwa, akawagawia wanafunzi, akaleta kapu la mandazi aliyopika Mama Mwalimu. Kifuniko kimoja, andazi moja. Darasa likafurahi, na somo likaendelea hivyo kwa majuma. Lakini Mwirigi alikuwa na mjomba mwenye baa pale sokoni, na nyuma ya baa kulikuwa na shimo la taka. Wikendi moja alirudi bwenini na gunia.

"Nilikuwa tajiri wa kwanza wa kidato cha tatu," Mwirigi alisema. "Nilitandikiwa kitanda. Nilifuliwa soksi. Kuna kijana mmoja alinibebea vitabu mpaka Jumatano."

"Na Alhamisi?" nikauliza.

"Alhamisi shule nzima ilikuwa imelijua lile shimo."

Siku ya somo, kapu la mandazi lilikuwa lile lile, lakini darasa lilikuja na ndoo za vifuniko. Andazi moja likauzwa kwa kofia nzima iliyojaa, halafu kwa ndoo, halafu mwenye andazi akakataa kabisa kuuza. Vijana wakaanza kubadilishana andazi kwa kalamu na kwa zamu ya kuoga. Mwalimu alisimama mbele ya darasa akitabasamu kama bwana arusi. Hakuwahi kufundisha somo likaingia vizuri hivyo. Mwalimu mkuu alipita dirishani, akaona sakafu imejaa vifuniko vya bia, maana soda ya machungwa ilikuwa imekwisha zamani, na Mwalimu akaitwa ofisini kueleza ni kwa nini wanafunzi wake wanalewa.

"Niliandika maelezo marefu," Mwalimu akasema kutoka kwenye kiti. "Nilianzia Ujerumani."

Kila kitu kwake kilianzia Ujerumani. Ilikuwa nchi iliyoshindwa vita, ikawa na madeni ya kulipa, ikawasha mashine ya noti, na watu wakawa wanakimbia na mshahara dukani kabla ya chakula cha mchana. Kutoka hapo alishuka kwa jirani zetu Uganda, ambako serikali ililazimika kukata sifuri kwenye pesa zake kama mtu anayepogoa kahawa. Mwisho alifika Zimbabwe. Noti ya Zimbabwe alikuwa nayo, ya matrilioni, aliletewa na mchungaji aliyesafiri, na ilikaa sebuleni kwake ndani ya fremu mahali ambapo watu wengine huweka picha ya harusi. Picha ya harusi ilikuwa chumbani. Mama Mwalimu alikuwa amelalamika kuhusu jambo hilo, akaambiwa kwamba harusi wageni wanazijua, lakini sifuri ngapi ziko kwenye trilioni hawajui.

Nilikuwa natamani siku moja nifike Zimbabwe, nikanyoe watu huko, nione kama wananyolewa nywele kama zetu. Mwalimu aliniambia ndoto hiyo ni nzuri, lakini nidai malipo kwa mayai.

Sasa nieleze habari ya Pikapu, la sivyo hutamwelewa Mwalimu.

Pikapu ilikuwa baiskeli. Nyeusi, nzito, yenye kengele iliyokohoa badala ya kulia. Mwalimu aliiendesha kila mahali, na akikuaga alisema, "Ngoja nichukue Pikapu," bila tabasamu lolote. Wageni wa mtaa walidhani mzee amechanganyikiwa. Ni Mama Mwalimu aliyenieleza, siku ambayo stima ilipotea nikakosa kazi tukakaa tukichambua maharagwe.

Walikuwa wameweka akiba kwa miaka mingi kununua pikapu kuukuu. Walitaka kuuza mayai hadi Timau, kwenye mashamba makubwa yenye wafanyakazi wengi. Mwalimu hakugusa pesa hiyo hata mtoto alipougua. Halafu ikaja ile miaka ya mwanzo wa tisini, ya uchaguzi wa vyama vingi, noti zikatapakaa nchini kama majani ya mgomba, na shilingi ikaanza kuyeyuka. Kila alipokaribia bei ya pikapu, bei ilisogea mbele. Alipokuja kukata tamaa na kwenda mjini na akiba yote, alirudi na baiskeli.

"Aliifunga kamba kwenye nguzo ya sebule," Mama Mwalimu alisema. "Akalala hapo kando yake kwenye kochi. Asubuhi akaniambia, mama, pikapu yetu imekuja, lakini magurudumu mawili wameyala njiani."

Alichambua maharagwe kidogo, halafu akasema tena, "Ndiyo maana anaiogopa shilingi. Watu wanadhani ni kusoma."

Chini ya kitanda chao kulikuwa na miche ya sabuni, chumvi na sukari ya kuwatosha watu wa msiba mkubwa. Huyu ndiye mtu ambaye darasani alifundisha kwamba kulimbikiza bidhaa ni uhalifu dhidi ya jirani.

Na huyu ndiye niliyempeleka Mikinduri kuniombea mke.

Mpango tuliupanga vizuri, kwenye kinyozi, mlango umefungwa. Baba yangu alikuwa amebakiwa na mbuzi wachache waliokonda kwa ukame, na mimi pesa zangu zilikuwa za kunyoa vichwa. Mwalimu mwenyewe ndiye aliyebuni mbinu. "Tutawaomba watutajie mahari kwa shilingi," alisema. "Shilingi, si mbuzi. Tukubaliane jumla, halafu tulipe polepole. Kila mwaka shilingi inakuwa nyepesi, na wewe unalipa ile ile. Mfumuko utakusaidia kubeba."

Nilimkumbatia. Nilikuwa nimeanza kuona jukwaa la harusi.

Tulikwenda tukiwa tumebeba ncoolo, kile kifurushi cha miraa bora kilichofungwa kwa majani ya mgomba, ambacho bila hicho huwezi kufungua mdomo katika boma la Tigania, upande huo wa Mikinduri. Mimi, mtu wa muguka, nilikibeba kama mtoto mchanga. Baba Kendi alikuwa mzee mrefu, mtulivu, mwenye koti la sweta na macho ya mtu anayepima mbao. Wazee wenzake walikaa kando yake. Kendi alipita mara moja na maji ya kunawa, akaniangalia, akakunja midomo asicheke.

Mwalimu alianza vizuri. Alisalimia, akataja koo, akatania kuhusu muguka kabla wao hawajatania, wakacheka. Akaomba jumla ya shilingi. Wazee wakanong'onezana, na Baba Kendi akasema wao si watu wa kuumiza vijana. Akataja kiasi. Tulipe polepole, alisema, hata kwa miaka mitano, hata zaidi.

Mambo yalikuwa yamekwisha. Kilichobaki ni Mwalimu kusema asante.

Badala yake nikamwona anasugua goti. Nikamwona anamwangalia Baba Kendi jinsi alivyokuwa akimwangalia mwanafunzi aliyeandika jibu lisilo sahihi kwa mwandiko mzuri.

"Mzee," akasema, "hapo umekosea."

"Nimekosea wapi, Mwalimu?"

Nikamvuta koti. Hakuhisi.

"Unatoa msichana leo, unapokea shilingi za mwaka kesho kutwa. Unazijua hizo shilingi zitakuwa na uzito gani? Wacha nikueleze habari ya Ujerumani."

Akawaeleza Ujerumani. Akawaeleza Uganda na sifuri zake. Alipofika Zimbabwe wazee walikuwa wameacha kutafuna. Nilikaa nikiangalia ukuta. Akasema mtu mwenye akili hawezi kuandika deni la miaka kwa karatasi, ataliandika kwa kitu kinachokula nyasi. Mbuzi ni mbuzi, alisema, mwaka wowote, chini ya serikali yoyote. Basi wahesabu mbuzi, na kila ninapolipa nilipe kwa bei ya mbuzi ya soko la siku hiyo.

Baba Kendi aliweka miraa yake chini. "Baite," akawaambia wenzake, yaani jamani, "mmewahi kuona mshenga wa namna hii?"

"Hatujaona," wakasema.

"Basi iwe mbuzi."

Na zaidi ya hapo, harusi ya kanisani isifanywe mpaka mbuzi wa mwisho awe ameingia.

Njiani kurudi sikusema naye mpaka tukapita Chuka. Hapo akanigeukia kwa sauti ndogo. "Kijana, nilijaribu kunyamaza. Ulimwona yule mzee? Alikuwa anajiibia mwenyewe, kwa furaha kabisa. Mimi nilishaibiwa hivyo."

"Lakini ulikuwa mshenga wangu, Mwalimu."

"Nilikuwa," akasema. "Sikatai."

Ningemchukia kama ningeweza. Nilijaribu kama wiki mbili hivi, nikashindwa. Alikuja kunyolewa, akakaa kitini kama mshtakiwa, akalipa mara mbili ya bei, akasema ni riba.

Basi nikaanza kukimbizana na mbuzi. Sijui kama umewahi kumpenda mtu ambaye bei yake iko sokoni. Kendi alikuwa anafanya kazi Timau, kwenye shamba la maua, anapanga waridi kwenye maboksi mikono ikiwa imeganda kwa baridi. Wapenzi wengine hutumiana maneno ya asali. Sisi tulikuwa tunatumiana bei. "Leo Mikinduri mbuzi wamepanda, ni Krismasi," angeandika. Au, "Mvua imenyesha, watu wanashika mbuzi zao, vumilia." Siku moja akaniandikia, "Kuna mbuzi hapa ananiangalia. Namchukia." Niliweka akiba, mbuzi wakapanda. Nikaweka tena, ukame ukaja, nao wakashuka, lakini wateja wangu pia hawakuwa na pesa za kunyolewa. Nilijifunza uchumi kwa njia hiyo, na nadhani hata chuo kikuu hawaingizi kichwani vizuri hivyo. Kendi hakuniacha. Alisema alikuwa na hamu tu ya kuona nani atashinda.

Mwalimu, katika miaka hiyo, alianza kupungua. Si mwili, mwili ulikuwa ule ule. Kwanza aliacha kufuata habari za redio. Halafu akaanza kuuliza bei ya vitu na kushangaa kupita kawaida yake. Siku moja nilimaliza kumnyoa, akaingiza mkono mfukoni, akaniwekea mkononi sarafu mbili za shilingi, akasimama. Nilidhani anatafuta nyingine. Akaendelea kusimama, akiniangalia kwa upole, na polepole nikaelewa kwamba anasubiri chenji.

Mwirigi alikuwa kwenye benchi. Akainamisha kichwa.

Nikafungua droo, nikampa sarafu moja. Akaniambia asante, na kwamba mimi ni kijana mwaminifu, vinyozi wengine wangetaka zote mbili.

Jioni hiyo nilimpelekea Mama Mwalimu habari. Alikuwa anajua. "Anarudi nyuma," alisema. "Jana alinikemea kwa kuuza yai kwa bei ya magendo. Nimemrudishia ile katoni ukutani. Amekuwa mchangamfu sana."

Nilikuwa nimebakiwa na deni la mbuzi wachache tu, lakini mbuzi walikuwa wamepanda kuliko wakati wowote, na kwa hesabu zangu ingekuwa bado mwaka mzima au zaidi. Baba Kendi akatuma neno kwamba niende hata hivyo, tuzungumze, msichana anazeeka akipanga waridi za harusi za watu wengine. Ila niende na mshenga wangu. Kwao, aliyeingia na ncoolo ndiye anayerudi kufunga maneno. Ukija na mshenga mpya ni kama umekuja kuomba upya.

Nilimweleza Baba Kendi kwa simu hali ya Mwalimu. Akasema tu, "Mlete."

Mama Mwalimu alimvisha suti ya harusi za watu, akamfunga tai. Mwirigi akatupeleka kwa gari lake la unga, na sote tukafika weupe kidogo. Njia nzima Mwalimu alikuwa mchangamfu kweli, akisifu barabara ya lami ambayo alisema serikali imeijenga upesi. Bomani alisalimia wazee wote, akataja koo bila kukosea hata moja, kiasi kwamba nilidhani labda amerudi kwetu.

Baba Kendi akasema, "Mwalimu, mara ya mwisho ulitufundisha. Ulisema tulipwe kwa bei ya mbuzi ya siku hiyo. Leo tumefika mwisho. Tuambie wewe, mbuzi ni bei gani?"

Nikataka kusema mimi. Mwalimu akanyoosha mkono kunizuia, akafikiri kwa uangalifu wote wa mtu anayejua kazi yake.

"Mbuzi mzuri," akasema, "ni shilingi mia moja. Kuna wafanyabiashara watakaokuambia mia na ishirini. Hao wapelekwe kwa chifu."

Wazee wakamgeukia Baba Kendi.

"Mzee," nikaanza, "Mwalimu hajui, yeye yuko..."

"Kaa," Baba Kendi akaniambia.

"Lakini bei ya soko ni..."

"Kijana, kaa chini. Bei ya soko naijua, nimetoka sokoni asubuhi." Akageukia wenzake, akasema polepole ili nami nielewe. "Huyu mtu alikuja hapa kutuomba, akaona tunajipunja, akatuambia ukweli uliomuumiza mtu wake mwenyewe. Tangu siku hiyo sijaweka noti ndani ya godoro. Nimeweka ng'ombe. Ninyi pia. Kwa hivyo mimi siwezi kukaa nyumbani kwangu nikamwambia Mwalimu kwamba leo amedanganya."

Wazee wakaangaliana. Mmoja mzee zaidi, aliyekuwa amesinzia, akasema, "Mia moja ni bei nzuri. Mimi nilioa wakati ni thelathini."

"Mia moja," Baba Kendi akasema. "Tumekubali."

Nilihesabu noti. Ilikuwa hesabu fupi mno. Baba Kendi akazipokea, akampa Mwalimu mkono kwanza, kisha mimi. Kendi alikuwa mlangoni na birika, macho yamejaa, lakini mdomo ni ule ule.

"Kwa hivyo mbuzi wangu ni wa bei ya boksi la kiberiti," akasema.

"Ni bei halali, msichana," Mwalimu akamwambia kwa ukali mdogo wa darasani. "Usitake ya magendo." Kisha akaniinamia, akaninong'oneza kwa furaha ambayo sikuwahi kuiona kwake, hata siku zake za kufundisha. "Umeona, kijana. Niliwaambia miaka yote. Bei ikikaa mahali pamoja, vijana wanaoa."

Nikamwambia ndiyo, Mwalimu. Na Kendi akaanza kumimina chai, akianza na kikombe cha Mwalimu.